Stratocaster ya mzee: tuliyojifunza kununua Fender ya enzi za CBS

Naandika haya kwa mpiga gitaa yeyote, awe Dar, Mombasa au Lubumbashi, mwenye ndugu Marekani na hamu ya kuagiziwa Fender ya miaka ya sabini. Njia hiyo nimeshaipita na mzee mmoja mpiga rithimu. Gitaa lilifika, linapigwa, na mzee hajuti. Lakini hela iliyokwenda ilizidi thamani ya tulichopata, na mengi tuliyokuja kuyagundua gitaa likiwa mezani kwangu yanajulikana siku zote na watu wanaoshughulika na magitaa haya. Tatizo hayasemwi na anayeuza.

Mimi ni fundi. Natengeneza magitaa Kinondoni: kubadilisha freti, kulehemu nyaya, kunyoosha shingo zilizopinda kwa joto na unyevu wa pwani. Wateja wangu wengi ni vijana wa kwaya na bendi za hotelini. Huyu mzee ni wa aina nyingine. Miaka ya sabini alikuwa mwajiriwa wa bendi ya shirika moja la umma. Vijana wasioujua mfumo ule: bendi ilikuwa ya taasisi, mwanamuziki alilipwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika na bendi ilibadilishwa jina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi wanamuziki wenyewe walipobaki na jina la Msondo Ngoma. Bendi ya mzee wangu haikuwa na bahati hiyo. Shirika lilikufa, vyombo vikachukuliwa, na Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, aliyoipiga miaka yote ile hajui iliishia kwa nani.

Siku aliyokuja kibandani hakuzunguka.

“Fundi, nataka lile lile.”

“Shikamoo Mzee. Lile lile lipi?”

“Marahaba. La kichwa kikubwa. Rangi ya mbao, linang'aa. Mpwa wangu yuko Texas, atalinunua. Wewe kazi yako kuniambia lipi la kweli.”

Nilimwambia palepale kwamba anataka gitaa la kipindi kinachosemwa vibaya kuliko vyote katika historia ya Fender. Akacheka. Akasema yeye hakupiga historia, alipiga gitaa.

Ili uelewe soko hili, lazima ujue mwaka 1965. Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1946 alianzisha kampuni iliyobeba jina lake, na ndani ya miaka michache ikatoa Telecaster, gitaa la besi la Precision mwaka 1951, na Stratocaster mwaka 1954. Akili yake ilikuwa ya fundi: shingo inafungwa kwa skrubu, ikiharibika unaifungua na kuweka nyingine, kama unavyobadilisha tairi. Kwa mafundi wa huku kwetu hiyo ni baraka. Gitaa la shingo ya kugandishwa kwa gundi likivunjika kichwani, mteja analia na mimi naumwa kichwa.

Leo Fender alisumbuliwa na maradhi kwa miaka, akaamini hatapona, akaamua kuuza. Januari 1965 kampuni ikaenda kwa CBS, wakubwa wa redio, televisheni na santuri za Columbia, kwa dola milioni 13. Hawa walikuwa wananunua kila kitu wakati ule. Miezi michache kabla walishanunua timu ya besiboli ya New York Yankees, na baadaye wakanunua ngoma za Rogers na piano za Steinway. Leo Fender, baada ya kuuza, akapata daktari mwingine na akapona.

Simulizi ya mitaani ya wapenzi wa magitaa ni fupi: kabla ya 1965 dhahabu, baada ya hapo takataka. Kwa simulizi hiyo, gitaa la mwaka 1964 linauzwa kwa hela inayotosha kununua kiwanja, na la mwaka 1966 linauzwa chini zaidi, ingawa mengi yalitengenezwa na mikono ileile. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika ukiwa mnunuzi. CBS haikuingia kiwandani Jumatatu ikaharibu kila kitu Jumanne. Wafanyakazi walibaki wale wale, mbao zile zile, vipuri vilivyokuwa kwenye makasha vikaendelea kutumika. Kushuka kulikuja taratibu, uamuzi mmoja baada ya mwingine, na kila uamuzi ulikuwa na maelezo yake mazuri kwenye karatasi ya mhasibu.

Ulikuwa wakati wa Beatles, kila kijana Marekani anataka gitaa. CBS wakajenga kiwanda kikubwa zaidi palepale Fullerton mwaka 1966 na uzalishaji ukapanda. Kichwa cha Stratocaster kikaongezwa ukubwa ili jina lisomeke vizuri. Mwaka 1968 rangi ikawa ya poliesta, nene, inayong'aa, inayokauka haraka. Wakatoa amplifaya za transista ambazo hazikufanikiwa kabisa. Forrest White, meneja wa kiwanda tangu enzi za Leo, alikataa kuziidhinisha, akaondoka. Don Randall, aliyejenga mauzo ya kampuni, akaondoka mwaka 1969. George Fullerton na Leo mwenyewe, aliyekuwa amebaki kama mshauri, wakamaliza mwaka 1970. Hapo ndipo naona mimi gitaa lilipopoteza wenyewe. Waliobaki wengi walijua kazi, lakini hapakuwa tena na mtu juu yao ambaye akishika shingo mbaya anaweza kusimamisha laini nzima bila kuomba ruhusa New York.

Miaka ya sabini ikaleta mengine. Mikato ya kulainisha mwili wa gitaa, ile inayokaa mbavuni na chini ya mkono, ikawa na kina kidogo kuliko zamani. Mbao zikawa nzito. Mwisho wa mwaka 1971 daraja linaloshika nyuzi, la chuma kilichopindwa, likabadilishwa likawa la aloi ya kumimina. Pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zilizokuwa na sumaku za urefu tofauti zikawa za usawa mmoja kuanzia 1974. Na shingo, iliyokuwa inashikwa na skrubu nne, ikashikwa na tatu.

Hizo skrubu tatu ndizo zinazotajwa kila CBS inapolaumiwa. Utasikia walibana hela ya skrubu moja. Ukweli ni kwamba mfumo ule, pamoja na kifaa kidogo cha kurekebisha mwinamo wa shingo bila kuifungua, ulitoka kwenye benchi la Leo mwenyewe akiwa mshauri. Na alipoondoka akaenda kutengeneza magitaa ya Music Man, besi ya StingRay nayo ikafungwa kwa skrubu tatu. Kwa hiyo ubunifu haukuwa wa kipumbavu. Kilichoharibu sifa yake ni kwamba skrubu tatu zinahitaji tundu la shingo lililochongwa kwa kubana, na uchongaji wa miaka ile ulikuwa unalegea. Skrubu nne zinavumilia uzembe. Tatu hazivumilii.

Turudi kwa mzee. Mpwa wake alipata gitaa kwa muuzaji mmoja wa huko: kichwa kikubwa, rangi ya mbao, shingo nyeupe ya mbao ya mepo, “orijino kila kitu”, mwaka 1979, dola 2,300. Picha nzuri sana, limewekwa juu ya kiti cha ngozi. Nikamwandikia mpwa orodha ya picha za kuomba, na orodha hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa sababu ingetuokoa kama ingefuatwa.

Kwanza, kisigino cha shingo, yaani ile sehemu inayoingia ndani ya mwili, pamoja na tundu lake. Hii ina maana muuzaji alegeze nyuzi na kufungua skrubu. Ni kazi ya dakika chache kwa bisibisi. Mwenye gitaa safi hasiti, maana picha hiyo inampandishia bei. Wetu alijibu kwamba hapendi kufungua gitaa ambalo halijawahi kufunguliwa. Jibu tamu, linamfanya mnunuzi aone anaharibu kitu kitakatifu. Mimi nilimwambia mpwa: akikataa, apunguze dola mia nne au tuachane naye.

Pili, namba. Hadi mwaka 1976 namba ya gitaa iligongwa kwenye bati la shingo, nyuma. Kuanzia hapo ikahamia kichwani, ikianza na herufi na tarakimu: S7 ni 1977, S9 ni 1979, E0 ni 1980, na hata hivyo shingo zenye namba za mwaka mmoja zinaweza kuwa zimefungwa mwaka unaofuata. Sasa fikiri mwenyewe. Namba ikiwa kwenye bati, bati linatoka kwa skrubu. Namba ikiwa kichwani, inasema habari za shingo peke yake. Kote kuwili mwili wa gitaa hauna cheti. Anayekuambia “nimeangalia namba, ni ya 1979” amekuambia mwaka wa shingo.

Tatu, chini ya bati la plastiki, kwenye vitufe vya sauti na toni. Mgongoni mwa kila kitufe kuna tarakimu zimegongwa. Zikianza na 137, ni za kiwanda cha CTS. Zikianza na 304, ni za Stackpole. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Kwa mfano 1377709 ni CTS, mwaka 1977, wiki ya 9. Hii haikwambii gitaa lilifungwa lini. Inakwambia tu kwamba halikufungwa kabla ya hapo. Fender waliwahi kununua vitufe vingi sana mwaka 1966, wakavitumia miaka kadhaa. Lakini kitufe kikiwa cha mwaka wa mbele kuliko gitaa, kimebadilishwa, hakuna mjadala. Angalia na lehemu: ya kiwandani imetulia na imefifia, ya juzi inang'aa na mara nyingi ni bonge kubwa lisilo na sababu.

Nne, swichi. Stratocaster ilitoka kiwandani na swichi ya nafasi tatu hadi 1977, ndipo ikawa ya nafasi tano. Gitaa la 1974 lenye nafasi tano limebadilishwa. Si kosa, wengi walibadilisha kwa sababu nafasi za katikati zina sauti tamu, ile inayotafutwa na wapiga rithimu. Ila si “orijino kila kitu”.

Muuzaji alituma picha za vitufe tu. Vilikuwa na 1377709. Shingo S9. Miaka miwili katikati. Nikamwambia mzee hiyo peke yake haithibitishi kitu, lakini ukiongeza na kukataa kufungua shingo, mimi hapo ningesubiri lingine.

“Nina umri wa kusubiri mimi?” akaniuliza. Nilikosa la kusema. Hela zake, hamu yake. Mpwa akalipa bei kamili.

Safari ya gitaa yenyewe ilikuwa nyepesi, na hapa nawapa dondoo ya bure. Mpwa alikuwa anakuja likizo. Badala ya kubeba kasha la gitaa na kugombana na mizigo, alifungua shingo, akafunga mwili kwa nguo katikati ya sanduku, shingo akaipitisha kwa mshazari pembeni, nyuzi kazitupa. Likaja kwenye sanduku la kawaida. Stakabadhi ya mauziano alikuwa nayo mkononi, akaitangaza forodhani, akalipa alichoambiwa. Usijifanye mjanja pale. Gitaa halifichiki kwenye mashine.

Alichokiona alipofungua skrubu kule Texas alinipigia simu usiku. “Kaka fundi, humu ndani kumekwanguliwa.” Nikamwambia nitumie picha. Na kweli. Tundu la shingo la kiwandani huwa na rangi imemwagikia kidogo kwenye kuta na sakafu yake. Hili kuta zilikuwa mbao tupu, zina mikwaruzo ya msasa inayokwenda pande zote, na upande wa chini mtu alikuwa ameingiza kipande cha kadi ngumu ili kuziba nafasi aliyoiongeza mwenyewe. Shingo na mwili havikuzaliwa pamoja. Mtu fulani, miaka fulani, alikuwa na mwili wa gitaa moja na shingo ya gitaa jingine, akatanua tundu hadi vikakubaliana. Mpwa alipomrudia muuzaji, akaambiwa mauziano yamekwisha.

Lilipofika mezani kwangu nililifunga kwanza kama lilivyo, nikaweka nyuzi, nikalishika mwili kwa mkono mmoja na shingo kwa mwingine, nikasukuma pembeni taratibu. Kipimo hiki fanya kwa kila gitaa la skrubu, liwe la bei gani. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, uliteleza hadi ukawa unaning'inia nje ya ubao wa vidole kuanzia freti ya kumi na mbili. Nikausukuma upande wa pili, ukarudi. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema tu, “Hee.”

Ningekuwa sijafungua, ningesema kile kila mtu anachosema: ndiyo hayo ya CBS, skrubu tatu. Lakini matundu ya skrubu kwenye shingo yalikuwa yameliwa na skrubu nene zaidi zilizolazimishwa, na kuta zilishakwanguliwa. Huyo hakuwa mhasibu wa New York. Alikuwa fundi mwenzangu asiyejulikana jina. Nimekuja kuona hivyo kwenye vyombo vingine vya umri huu: sehemu kubwa ya kinachoitwa ubovu wa miaka ya sabini ni mikono ya watu waliofuata. Miaka hamsini ni mingi. Kila mwenye gitaa alikuwa na bisibisi.

Kazi niliyofanya, kwa wanaotaka kujua: nilitoboa matundu yaliyoliwa, nikaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi ya mbao, nikaacha hadi kesho yake, nikatoboa upya kwa kipenyo sahihi. Kwenye kuta za tundu nilibandika vipande vyembamba vya mbao, nikavipunguza kidogo kidogo hadi shingo ikaingia kwa kusukumwa na kiganja na ikabaki yenyewe bila skrubu. Usitumie vijiti vya meno na gundi ya haraka. Inashika wiki moja, halafu unamwachia fundi anayefuata uchafu. Na kile kifaa cha mwinamo cha Leo, kumbe kilikuwa kizima. Nilikisafisha kutu, kikafanya kazi yake vizuri kabisa.

Baada ya hapo gitaa likatulia. Sauti? Tuseme ukweli, sauti ya pikapu zile bapa ni kali na nyembamba, na kwa mpiga solo anayetaka unene inaweza kumkera. Kwa rithimu ya dansi ya zamani, ile ya kuchopoa juu juu huku besi inazunguka chini, iko mahali pake hasa. Mzee alipiga nafasi ya pili ya swichi, katikati na nyuma, na hakuongea kwa muda mrefu. Na msidharau magitaa ya kipindi kile kwa ujumla. Stratocaster nyeupe ambayo Jimi Hendrix aliipiga kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 ilikuwa ya 1968, CBS mtupu, kichwa kikubwa.

Uzito ndio uliomshinda. Hili la kwetu lina kilo nne na nusu, na kuna mengine ya miaka ile yanapita hapo. Kijana wa miaka ishirini na mitano hajali. Mzee wa zaidi ya sabini, baada ya nyimbo mbili bega linaita. Sasa anapiga amekaa. Kabla ya kununua omba muuzaji aliweke kwenye mizani na akutumie picha ya mizani yenyewe, maana neno “si zito sana” kila mtu ana maana yake.

Rangi ya poliesta nayo, wapenzi wa huko wanaichukia, wanasema inaziba mbao. Mimi wa pwani ninaipenda. Ile rangi ya zamani ya nitro inapasuka, inanata kwa jasho na joto letu, inaondoka. Hii ngumu iko vilevile.

Kuna sehemu ya hadithi ya CBS ambayo wanunuzi wengi hawaifuatilii, na ndiyo yenye faida kwao. Kufikia mwisho wa miaka ya sabini Wajapani walikuwa wanatengeneza nakala za magitaa ya zamani ya Fender, kina Tokai na Greco, nzuri kiasi cha kuiaibisha Fullerton. Mwaka 1981 CBS wakawachukua watu kutoka Yamaha ya Marekani, akiwemo William Schultz na Dan Smith, wakawapa kazi ya kuokoa jahazi. Hawa wakarudisha skrubu nne kwenye Stratocaster, wakapunguza uzalishaji, wakaanza kutengeneza upya magitaa kwa vipimo vya 1957 na 1962. Mwaka 1982 ikaundwa Fender Japan, kazi ikifanywa na kiwanda cha FujiGen, na jina la Squier likaanza kutumika kwa magitaa hayo. Mwaka 1985 CBS wakauza. Schultz na wenzake walinunua jina na haki kwa dola milioni 12.5, bila jengo la Fullerton. Bei pungufu ya ile aliyolipwa Leo miaka ishirini nyuma, hata kabla hujahesabu kushuka kwa thamani ya dola. Wakaanza upya Corona, California, na mwaka 1987 wakafungua kiwanda Ensenada, Mexico.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: gitaa la Japani la mwanzo wa miaka ya themanini, lililotengenezwa na watu waliokuwa na hamu ya kuthibitisha kitu, mara nyingi linashinda lile la Marekani lililolitangulia kwa miaka mitatu, na linauzwa chini. Nilimwambia mzee hivyo mapema. Akasema, “Squier ni la wanafunzi.” Jina linauza, na jina linanyima.

Wanaopenda Gibson, mshindani wa Fender, nao wasijione wamepona. Gibson iliingia mikononi mwa kampuni iliyokuja kuitwa Norlin mwaka 1969, miili ikatengenezwa kwa mbao zilizobandikwa tabaka tabaka, kiwanda cha Kalamazoo kikafungwa 1984, na baadhi ya wafanyakazi waliokataa kuhama wakabaki kwenye jengo lilelile wakaanzisha Heritage. Ikauzwa 1986 kwa dola milioni 5, ikapona, halafu ikatumia hela kununua biashara za spika na redio za nyumbani na kuweka mitambo ya kutyuni yenyewe ambayo wapigaji hawakuiomba. Mei 2018 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Ukikagua Gibson ya miaka ya sabini angalia nyuma ya shingo karibu na kichwa, ndipo zinapovunjika, na huko hakuna skrubu ya kufungua.

Jambo la mbao. Gitaa la mzee lina shingo ya mepo tupu, kwa hiyo halikutusumbua. Lakini mengi yana ubao wa vidole wa rangi ya kahawia nzito, mbao za jamii ya Dalbergia, ndugu wa mpingo wetu. Jamii hiyo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, unaodai vibali. Tangu mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimesamehewa vibali hivyo, isipokuwa vile vya mbao ya Brazili, ambayo Fender waliitumia hadi katikati ya miaka ya sitini. Ukinunua gitaa la kabla ya hapo, uliza karatasi kabla ya tiketi.

Hesabu sasa. Gitaa dola 2,300. Ukijumlisha usafirishaji wa ndani kule Marekani hadi kwa mpwa, forodha, freti nilizobadilisha kwa sababu zilikuwa zimeisha, nyuzi, na kazi yangu ambayo nilimpunguzia, ilikaribia dola 3,000. Kwa sokoni, gitaa lenye shingo na mwili wa kuunganisha halifiki hata bei aliyolipa. Jipya la Mexico wakati ule lilikuwa chini ya dola 1,000, na lingempunguzia kilo moja begani. Nilimwandikia yote kwenye karatasi, mstari kwa mstari, ili akiulizwa na wenzake awape takwimu za kweli.

Akaisoma mpaka chini, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati.

“Fundi,” akasema, “nakala yako usije ukaiacha mahali mama yako akaiona.”